Siku Mama Alipopanda Baiskeli Yangu ya Pili

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo? Na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimetulia? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Sisi ni wazima, ila mwenzako tangu jana akili haijanirudia sawasawa. Kaa kitako kwanza, ndipo usome.

Unaijua baiskeli yangu ya kazini, ile ya chuma yenye keria pana. Kwa kubebea majora ya vitambaa haina mpinzani, lakini siku nisipokuwa na mzigo ni kama naendesha kabati. Nikaamua kutafuta ya pili, nyepesi, ya kuendea kazini na ya kutembelea siku za mapumziko. Mama akasema atanisindikiza dukani, anyooshe miguu.

Muuzaji alinitolea tatu. Moja tairi zake nyembamba kama mkanda. Shimo moja tu, ningerudi nimeibeba begani. Nyingine ina gia chungu nzima, lakini uzito ni ule ule ninaoukimbia. Ya mwisho ilikuwa ya kijani, chuma chake cha katikati kimeinama, huhitaji kurusha mguu ili kupanda. Nikabaki nababaika.

Mama akainuka kwenye benchi. Akaminya tairi za ile ya kijani, akajaribu breki, akazungusha pedeli kinyumenyume huku akisikiliza cheni.

"Teremsha kiti kidogo," akamwambia muuzaji.

Nikadhani ananipimia mimi. Kaka, Mama alikusanya gauni lake, akapanda, akaondoka!

Nilipiga ukelele. Mama huyu huyu aliyetukataza baiskeli utotoni, mpaka wenzako wakakubandika jina la Miguu! Akauzunguka uwanja wote wa mbele ya duka, akakata kona bila kuyumba, kengele inalia. Muuzaji anapiga makofi.

Aliposhuka alikuwa akicheka, mara akaanza kulia. Nikamshika mkono.

"Mama, umejifunzia wapi?"

"Nilikuwa naendea kazini, kabla wewe na kaka yako hamjazaliwa. Nikaanguka nayo nikiwa na mimba kubwa." Akajifuta uso. "Alikuwa msichana. Alitoka hana uhai. Nikaapa sitaigusa tena, wala mtoto wangu hataigusa."

Kaka, kumbe wewe si kifungua mimba. Tulikuwa na dada! Muuzaji naye akajiingilia ndani taratibu, akatuachia nafasi.

Njiani nilimuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote. Akasema kila alipotaka kuanza, alikuona unavyoringia ukubwa wako, akameza maneno.

"Sasa mwandikie," akaniambia. "Mwambie hajapungukiwa na kitu kwangu."

Tulichukua ile ya kijani. Leo asubuhi nimeamka, haipo uani. Mama pia hayupo. Nikatoka mbio mpaka barabarani, roho mkononi, nikamwona anarudi nayo polepole, viatu vimejaa vumbi jekundu la makaburini.

"Nilikwenda kumwambia ana wadogo wawili," akasema. Akaiegemeza ukutani, akaingia kuchemsha chai.

Nisalimie Shemeji na wale watundu wako. Shangazi na Mjomba wanakukumbuka sana. Mungu akulinde uendako na ulalapo, na akulete nyumbani mapema. Mama anakusubiri.

Ni mimi nikupendaye,
Mdogo wako, kitinda mimba