Jiwe la Luqman

Doha, 4 Mei 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta huna homa, na goti limetulia. Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila joto la huku halina huruma. Wasalimie wote hapo Junda, na shemeji Jalila mpe salamu zake peke yake.

Nakuandikia, na barua zetu tutumiane picha kwa simu, kwa sababu tukizungumza tunagombana kabla salamu hazijaisha. Mchoro wa mnara wa machimbo ya Mwakirunge umekamilika. Kamati ya waliofiwa ilinipa kazi hii kwa kuwa ndugu yangu Luqman alikuwa miongoni mwa wale kumi na mmoja walioangukiwa na mwamba. Ni tao la mawe yaliyokwisha kuchimbwa kwenye machimbo yaleyale, kila jiwe na jina lake. Yanashikana yenyewe kwa yenyewe. Ukitoa moja, yote chini. Luqman nimemweka juu kabisa, katikati.

Tafadhali mwambie fundi Ngumbao asichanganye zege kwa mchanga wa pwani. Chumvi itakula nondo za msingi. Nimeshaandika mara tatu, lakini kamati wanatazama picha tu.

Mwanao,
Mansur

Junda, 18 Mei 2025

Mwanangu Mansur,

Marahaba baba. Hatujambo, alhamdulillahi. Goti linauma, na linauma kwa sababu ya huu mnara wako.

Kamati yenu Mola aijaalie akili. Maxwell, mwenyekiti, anataka vigae vya bafuni, ati vinang'aa kwenye picha. Wenzetu wa kanisani wakataka msalaba juu, sisi tukasema basi na mwezi, ikawa kelele mpaka chai ikapoa. Nikawaambia tao ni tao, halisali popote. Wakakubali, wakanywa chai yao baridi. Kisha Ngumbao akachimba msingi upande wa jaa, kwa kuwa mchoro aliushika juu chini! Nimesimama juani mpaka akafukia na kuanza upya. Mchanga wa pwani nimeurudisha. Dereva akanitukana, nami nikamjibu vizuri.

Sasa nisikilize. Jina la Luqman litoe. Wale kumi tumewazika kwa mikono yetu. Luqman hakuonekana, na machimbo yakafungwa. Kadhi hajatoa hukumu kwamba amekufa, Jalila mkewe hajakaa eda ya ujane, wala mimi sijamsomea khitma ya marehemu. Ukimwandika mtu kwenye jiwe umeshamzika. Weka jiwe tupu pale juu.

Mama yako

Doha, 29 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Mimi sijambo, natumai nanyi hamjambo.

Jiwe tupu! Watu watauliza fundi alimsahau nani. Mama, huu ni mwaka wa pili. Mwamba ule ni mkubwa kuliko msikiti. Mnamngoja atokee wapi? Jalila bado kijana, na kila Alhamisi anafua kanzu ya mtu ambaye haendi Ijumaa, nawe unamtazama tu. Unadhani unamhurumia? Mimi huku sina hata kaburi la kumwombea ndugu yangu. Nimechora hili tao ili nipate pa kusimama, na wewe unaniambia niache pale pake patupu. Nimechoka, mama. Wallahi nimechoka.

Mwanao,
Mansur

Junda, 3 Juni 2025

Mansur,

Salamu zako zimefika.

Nimesema jiwe tupu. Nimemzaa mimi. Mawe kumi yamekwisha na ni mazuri, sikunyimi sifa yako. La mwisho Ngumbao atalitengeneza baada ya Idi, na neno langu analijua.

Mama yako

Junda, 20 Juni 2025

Mansur,

Sikuulizi hali.

Jana mkokoteni ulitoka kwa Ngumbao kule Bombolulu, ukapita hapa mtaani na jiwe la mwisho. Halikufunikwa hata kwa gunia. Jina la ndugu yako liko wazi kila mtu analisoma. Nikampigia Ngumbao, akaniambia, "Mama, Mansur alinipigia, akasema mmeshakubaliana." Nani alikubaliana nawe, mwana wewe?

Mkokoteni haujafika kona, wanawake wako mlangoni. Unawajua watu wa Junda. Waliona jina wakadhani maiti ameonekana. Hakuuliza mtu. Wakaja na kilio chao, na majamvi, na masufuria, huyu na sukari, huyu na unga. Jalila alikuwa uani anaanika ile kanzu. Maskini mtoto wa watu alikumbatiwa na kuliliwa kabla hajajua amefiwa na nani.

Nilisimama niwafukuze. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Bi Mwanabibi akanishika mkono, akasema, "Pole mwenzangu, Mola amrehemu." Nami nikajisikia namjibu, "Tumeshapoa." Miaka yote hii nimefunzwa kwamba mtu akikupa pole unampokea. Basi nimempokea. Nimemzika mwanangu kwa adabu tu, Mansur, na shimo umelichimba wewe.

Mama yako

Doha, 22 Juni 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Nimekosa, nipe radhi zako. Nimemwambia Ngumbao alisugue jina, jiwe libaki tupu kama ulivyotaka. Jalila hapokei simu yangu. Tafadhali nijibu.

Mansur

Junda, 27 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Tunakula, tunalala kidogo.

Ngumbao nimemzuia. Akilisugua sasa, nitawaambia nini watu waliokesha kwenye majamvi yetu? Kwamba warudi wachukue kilio chao? Pole ikishapokewa hairudishwi. Kwa Kadhi tutakwenda Jumatatu. Jalila amejifungia chumbani, hasemi nami, na jina lako hataki litajwe.

Tao limesimama. Nilikwenda peke yangu, nikasoma Yasini, nikakusema wewe kidogo, nikasoma tena.

Usiniletee mchoro mwingine. Omba ruhusa kazini uje. Kuna mwanamke humu ndani anataka kujua kwa nini hukumuuliza yeye, na hilo mimi siwezi kumjibu kwa niaba yako.

Mama yako, na mama wa marehemu Luqman