Jembe la Mahari Nililolifuata Ujiji

Jumatatu, 5 Julai 1999
Darasani asubuhi. Sentensi kumi, nimepata zote. Katika darasa la watu wazima humu kambini kwetu wakimbizi hakuna mzee anayenifikia.
Jioni Barnaba, babu yake Spesi, ninayemwita bamwana, yaani mkwe mwenzangu, katoa neno. Mjukuu wangu Eliya hatapewa Spesi bila isuka, jembe la kufuliwa kwa mkono, kama kwetu Burundi zamani. La dukani hataki hata kuliona. Mwisho Jumapili ya tarehe 18. Yupo mchumba mwingine.
Nimemjibu mbele za watu: mimi ni mhunzi, mtoto wa mhunzi, nitalifua. Baba kweli alikuwa mhunzi. Mimi nilikuwa mtoto wa kuvukuta mifuo ya kupulizia moto. Moto naujua. Umbo la jembe limenitoka kichwani.
Sirudi nyuma.

Jumanne, 6 Julai
Mwalimu kasema Ujiji kuna makumbusho, na humo kaliona jembe la kale. Nimeomba kibali cha kutoka kambini. Karani kauliza naenda kufanya nini. Nikasema kusoma. Katazama mvi zangu. Kanipa siku tatu.

Jumatano, 7 Julai
Lori la mahindi, juu ya magunia. Dereva kanipakia bure kwa sababu nilimfungia kamba. Vijana wake hawajui kufunga. Chakula mihogo ya kuchemsha. Nimeshuka Gungu, Ujiji kwa miguu. Makumbusho nimekuta pamefungwa.
Nimelala Buzebazeba kwa mjane mmoja wa kanisa letu. Ugali, dagaa wa mawese. Mgongo unauma. Sijamwambia.

Alhamisi, 8 Julai
Binti wa mlangoni kaniamkia vizuri. Kiingilio cha mwanafunzi ni nafuu. Nikasema mimi mwanafunzi. Akacheka. Nikamfungulia daftari, alama nyekundu za mwalimu ukurasa kwa ukurasa. Akaacha kucheka. Nimeingia kama mwanafunzi.
Ndani wazungu wawili wa sanamu wanavuliana kofia. Nimewapita.
Jembe liko ukutani. Moja tu. Nikanyoosha mkono. "Babu, usiguse!" Basi nikatoa kamba ya mgomba, nikafumba jicho moja, nikapima kwa mbali. Kwa mbali huwezi kupima.
"Babu vipi, unataka kulinunua?"
"Nataka kumwozeshea mjukuu."
Nikamweleza yote. Katazama mlangoni, kachukua kitambaa, kalishusha mwenyewe, kanigeuzia mbele na nyuma kama anambembeleza mtoto mchanga. Nimepima. Nimefunga mafundo.
Jembe lenyewe limelimiwa hadi kwisha. Urefu wa vidole vitatu umeliwa na udongo, upande mmoja zaidi. Mjinga angefua fupi vilevile. Mimi nimeongeza fundo.

Jumatatu, 12 Julai
Nimerudi ndani ya kibali. Tangu Ijumaa nafua jembe kwa chuma cha springi ya lori. La kwanza limepasuka. La pili mkia umepinda, mpini haukubali. Eliya anavukuta huku analalamika moshi. Nimemfukuza. Nimemwita tena. Kidole gumba kimeungua.
Naogopa. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Alhamisi, 15 Julai
La tatu. Zuri. Sikulala mchana, nimekaa nalitazama.

Jumapili, 18 Julai
Baada ya ibada tumekwenda kwa Barnaba. Wazee wote wapo, na yule mchumba mwingine na baba yake. Barnaba kaligonga kwa ukucha. Limelia. Kaligeuza, kaligeuza tena.
"Hili la Kiha, la wenyeji wa huku. La kwetu mabega yameshuka."
Eliya kainamisha kichwa. Hasira zimenipanda. Nikasema: "Bamwana, kuni unaokota msitu wa nani? Maji unakunywa ya nani? Hawa watoto watazalia wapi?"
Barnaba kaligonga tena kwa ukucha.
"Wewe mkaidi."
"Nimekushinda wewe."
Kampa mkewe jembe. Mkewe kaliingiza ndani. Mahari ikishaingia ndani haitoki. Baba wa yule mwingine kachukua kofia yake, kaondoka. Eliya kalia. Nimemwambia aache, watu wanamwona.

Jumanne, 20 Julai
Darasani sikwenda. Kidole gumba bado kinauma, kalamu inateleza.
Saa kumi Barnaba kaja na kibuyu cha pombe ya ndizi. Tumekunywa. Upepo wa kiangazi, vumbi kidogo.
Wakati wa kuondoka kauliza mtoto wa kwanza ataitwa nani. Nikamwambia hata harusi bado. Kasema anajua, ila nifikirie.
Nafikiria.