Jina Nililoliruka

Jumatano, 6 Agosti
Nimesahihisha insha za kidato cha tatu hadi saa kumi. Nusu wamenakili. Nimemaliza ukurasa wa nne wa makala yangu dhidi ya manabii wanaouza maji ya upako. Inakwenda vizuri. Nikiwa na hasira siandiki vibaya.

Jioni kaja Anna, mdogo wangu, na barua ya mumewe, Elisante. Miaka minne iliyopita mume huyo alimwacha yeye na binti yao hapa Pangani, si mbali na Kiluvya, akahamia Kisarawe kwa mwanamke mwingine. Kanisa likamtenga. Sasa mwanamke kamfukuza na bwana kamkumbuka Mungu. Anatubu. Anaomba kurudi kundini.

Kwetu barua ya toba haiendi moja kwa moja kwa mchungaji. Inapitia kwa mzee wa jumuiya, naye ndiye anayeandika jina kwenye orodha ya wanaorudishwa kundini Jumapili. Mzee wa jumuiya ni mimi.

Jumamosi, 9 Agosti
Anna tena. Amemsamehe. Nimemuuliza kama amerogwa.

"Nimemsamehe, Kaka. Sijasema arudi chumbani kwangu."

Nikamweleza kwa kirefu tofauti ya kutubu na kukosa pa kulala. Akanisikiliza hadi mwisho, akajifunga khanga vizuri, akasema shetani akiokoka leo mimi nitakosa cha kuandika. Sikucheka. Nimemlea mwenyewe huyu.

Alipoondoka nikaandika orodha. Binti mmoja wa kwaya, basi. La Elisante nimeliruka. Barua yake iko ndani ya kamusi. Orodha nimempelekea mchungaji mwenyewe. Sijutii.

Jumapili, 10 Agosti
Alikuja. Benchi la mbele, la wanaotubu, shati jeupe, mikunjo ya pasi inaonekana kutoka nilipokaa. Mchungaji akasoma jina la binti wa kwaya. Akaombewa, tukapanga foleni kumpa mkono wa ushirika. Elisante akabaki ameketi, macho kwenye ile karatasi. Nadhani alisubiri mchungaji aigeuze.

Haikugeuzwa. Wimbo ulipoanza akainuka, akapita katikati ya kanisa zima, akatoka. Binti yake alikuwa amemwekea nafasi kando yake kwa kitabu cha nyimbo.

Anna alinitazama mara moja tu. Amejua.

Nilitegemea kushiba. Chakula cha mchana nimekirudisha jikoni.

Jumanne, 12 Agosti
Nina hasira na kila mtu. Na mchungaji, kwa kutouliza. Na Anna, hapigi simu wala hapokei. Na Elisante kuliko wote, kwa kutoka kimya. Angepiga kelele ningemjibu. Majibu ninayo.

Miaka ishirini nafundisha watu kuhusu dhambi. Ulevi, uzinzi, uongo. Hii yangu sikuwahi kuifundisha. Nilipomwona anaitazama ile karatasi bila kuelewa, nilifurahi. Nimeiombea toba furaha hiyo mara tatu. Kila nikiikumbuka, bado tamu. Hilo linanitisha.

Alhamisi, 14 Agosti
Kisarawe, kwa bodaboda kutoka Kiluvya. Vumbi hadi kwenye meno. Nilikwenda na barua ya Elisante mfukoni.

Mwenye nyumba alikopanga ni bibi wa Kiislamu, mkavu, mdomo kama wangu. Nikampa shikamoo. Marahaba ikaja na swali: "Huyu tangu Jumapili hali chakula. Huko kanisani kwenu mmemfanya nini mtoto wa watu?" Nikaulizia alipo tu. Mimi.

Elisante alikuwa uani anapiga msasa kitanda cha mteja. Nikampa barua. Akaitambua.

"Shemeji, mimi nilidhani Mungu amekataa."

Nikamwambia Mungu hakuulizwa. Ni mimi niliyeificha. Akaendelea kupiga msasa.

"Ningekupiga. Basi tu nimeshatubu."

Bado simpendi. Nimeandika hapa ili nisijidanganye. Alichomfanyia Anna ni uovu na nitasema hivyo mpaka nife. Lakini mlango wa kanisa si wangu.

Ijumaa, 15 Agosti
Mchungaji kanisikiliza. Ni kijana, ningeweza kuwa nimemfundisha darasani. Akasema tunaweza kulimaliza hapa ofisini, kimya kimya, kwa heshima yangu. Nikakasirika upya. Binti wa kwaya alisimama mbele ya watu, mimi nifichwe ofisini? Nimechukua karatasi yake, nikaandika majina mawili. La Elisante kwanza.

Jumapili, 24 Agosti
Benchi la mbele ni fupi kuliko nilivyodhani. Tulikaa karibu sana.

Tulisimama. Nilisema nilichofanya, sentensi mbili. Kisha foleni, mkono baada ya mkono. Anna alimpa Elisante mkono kama anavyosalimia jirani, akaja kwangu. Aliushika wangu kitambo kidogo.

Binti aliondoa kitabu cha nyimbo, baba yake akaketi. Nilipata nafasi nyuma yao.