Sekunde Sifuri

Dada yangu,

Nakuamkia kwa heshima zote. Goti la shemeji limepata nafuu? Na kifua cha mama? Mimi mwili mzima, ila moyo unachemka tangu wiki iliyopita, na nisipokuandikia wewe nitapasuka.

Unamkumbuka yule mzee wa ofisini tunayemwita Mzee Logi? Ndiye aliyeandika programu ya kukadiria kina cha mto, ile inayoamua watu wa bondeni waambiwe lini wahame. Aliiandika kwa Fortran, lugha ya kompyuta ya zamani, na haijawahi kumwangusha. Basi bosi wetu mpya akatangaza kwamba Fortran imezeeka, kila kitu kihamie C++, lugha ya baadaye. Mbele ya mkurugenzi akaonyesha jaribio: kukokotoa logi na vipeuo vya pili mara milioni mia tano. Fortran, sekunde tano. C++, sekunde sifuri.

Sifuri, dada! Hata kupepesa jicho kunachukua muda. Na chumba kizima, watu na digrii zao, wakapiga makofi! Mzee akanyoosha mkono, akauliza majibu ya hizo hesabu yako wapi. Bosi akamwambia asiwaonee wivu vijana. Watu wakacheka. Ijumaa akaambiwa akusanye vitu vyake. Miaka ishirini na sita ikaingia kwenye boksi moja la karatasi za printa.

Na swali lake ndilo lililokuwa lenyewe! Upande wa Fortran majibu yalijumlishwa, yakaandikwa. Upande wa C++ hakuna aliyeyatumia, kwa hiyo kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa amri za mashine, ikaona kazi haina mwenyewe, ikaifuta. C++ haikukimbia, dada, haikutoka hata nyumbani. Ukiyatumia majibu pande zote mbili, lugha hizo zinakaribia kulingana.

Nimezunguka vya kutosha. Jaribio lile nililiandika mimi. Kosa nililiona siku mbili kabla ya mkutano, nikanyamaza, maana bosi alishaniahidi ukuu wa kitengo. Kile cheo ulichonipongezea kilitoka hapo.

Jumapili nilikwenda kwa mzee, nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, kwani hakunikaribisha ndani. Akaniuliza, “Hiyo sifuri hukuishangaa?”

Nikamjibu, “Niliishangaa, mzee wangu. Halafu nikaipenda.”

Jumatatu nililirudia jaribio mbele ya mkurugenzi, kosa likaonekana na kila mtu. Bosi, ambaye hakuwahi kuniuliza hata swali moja, akapaza sauti kwamba nilimdanganya.

Mzee amerudishwa. Cheo nimevuliwa. Tunakaa chumba kimoja cha ofisi. Nikimwamkia anaitikia, kisha anageukia kazi yake.

Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe nikija. Wakumbatie watoto kwa niaba yangu, na shemeji mpe pole.

Ni mimi,
mdogo wako