Sungura Waliofungwa Vitambaa

Nyumba ya bati jekundu,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
Sanduku la posta ni lile lile, ufunguo ndio mpya.

Jumapili, katikati ya mwezi wa sita

Mpendwa mpwa wangu Masikio,

Marahaba. Najua hujanisalimu, lakini nimeipokea shikamoo yako mapema kabla hujaisahau. U mzima? Mkeo hajambo? Na hao mapacha, wameanza kukujibu ovyo au bado wanakuogopa? Mimi sijambo, ukiondoa goti la kushoto, na meno, ambayo kwa uchache wake sasa tunaitana kwa majina. Mama yako naye ni mzima wa mwili. Hilo neno la mwili nimeliweka makusudi, usiliruke.

Mwandiko huu usiucheke. Shule niliiacha darasa la nne, au iliniacha yenyewe, hatukuagana vizuri. Mkono uliozoea spana na minyororo ya baiskeli ukipewa kalamu huikaba kama mwizi.

Habari za huku ni kabichi. Zilistawi mwaka huu, tukaanza kujisifu, wakaja wageni. Sungura wa porini wanatoka kule kwenye tanuri za matofali zilizoanguka, wanakula safu kwa safu, kwa adabu kabisa, kama watu waliokaribishwa. Nikaona isiwe taabu. Nikachukua nyaya za breki za baiskeli, zile kuukuu nilizoleta nyumbani nilipofunga karakana, nikazichambua uzi mmoja mmoja, nikatengeneza matanzi. Nikayatega kwenye vijia vyao pale uani, kila moja na kigingi chake.

Marehemu babu yako ndiye aliyetufundisha kutega, mimi na mama yako, tungali wadogo. Alikuwa mkali kwenye jambo hilo kuliko kwenye sala. Kwenye tanzi lazima ufunge kifundo cha kuzuia, ili waya umshike sungura shingoni bila kumnyonga. Akae pale mzima, na hasira zake. Alfajiri unakwenda. Unamfunika macho kwa kiganja, maana asipoona hutulia. Unamshika hivyo hivyo mpaka moyo upunguze mbio. Kisha mkono mmoja miguu ya nyuma, mwingine nyuma ya masikio, unavuta na kupinda kwa mpigo mmoja. Kwisha. Hajui hata kilichompata. Na mzee alikuwa na amri moja ambayo ukiivunja unakula kofi: usimwache akungoje. Kumnasa siyo dhambi, alisema, dhambi ni kulala huku yeye anangoja.

Sasa sikiliza. Sungura wa kwanza nilimkuta ameshauawa.

Siyo kuuawa na mbwa. Alikuwa amelazwa ubavu juu ya nyasi zilizosawazishwa kwa mkono. Miguu imenyooshwa, imefungwa pamoja kwa uzi. Kitambaa cheupe kimezungushiwa macho, na kingine kimepita chini ya taya kwenda juu, kikafungwa fundo dogo katikati ya masikio. Shingo imevunjwa barabara, kama ningeivunja mimi, na nikisema ukweli, vizuri kuliko mimi. Waya umefunguliwa, umepanguswa umande, umeviringishwa na kuwekwa juu ya kigingi.

Nilicheka peke yangu pale kwenye ukungu. Halafu nikasikia jinsi kicheko changu kilivyokuwa kipweke, nikanyamaza.

Nikadhani ni mlinzi wa kiwanda, yule mwenye koti la mvua hata jua likiwaka. Tunataniana naye tangu zamani. Nikamfuata getini kwake, nikamwambia, wee mzee mwenzangu, hongera, umepata kazi ya kuvisha sungura sanda. Akamtazama yule sungura mkononi mwangu, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. "Mzee, mimi nalinda matofali. Silindi maiti. Ondoa hiyo kitu hapa." Tangu siku hiyo anazunguka barabara ya mbali kwenda kwake, kwa miguu ile ile anayoilalamikia.

Kesho yake, tena. Na keshokutwa, wawili, wamelazwa sambamba kama mke na mume waliogombana. Jirani yetu mshona nguo alipowaona alisema hao hawaliwi, akafunga dirisha la upande wetu, na halijafunguliwa mpaka leo. Mimi niliwala. Unanijua. Lakini sikufurahia, nilitafuna kama mtu anayetazamwa.

Kilichonikosesha raha hasa ni ukimya. Sungura ukimshika vibaya hulia, na kilio chake ni kama cha mtoto mchanga, kinakuingia mpaka kwenye mifupa. Kitanda changu kiko dirishani, na usingizi wangu ni wa paka. Msimu wote huu hakulia hata mmoja. Aliyekuwa akiwashika alikuwa na mikono wanayoiamini.

Halafu nikaanza kusikia baridi miguuni. Nikadhani ni uzee, mpaka nilipotandika kitanda mchana na kuitazama vizuri shuka yangu. Ilikuwa inapungua. Imechanwa upande wa miguuni, mkanda baada ya mkanda, imenyooka kabisa, kwa mkono wa mtu aliyechana vitambaa maisha yake yote.

Nadhani umeshafika kabla yangu. Wewe unajua mama yako alikuwa na kazi gani hospitalini hadi akastaafu. Waliomalizikia pale, yeye ndiye aliyewafumba macho, akawafunga taya, akawanyoosha miguu, huku akiwasemesha kama abiria wanaosafiri mbali. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukikataa akupake mafuta kwa mikono ile. Ndiyo hiyo mikono.

Mchana hutamdhania. Anakaa jikoni anamenya maharage, mimi ananiita fundi, ananiuliza baiskeli yake itakuwa tayari lini. Namwambia kesho, dada, imebaki pampu tu. Anaridhika. Akili zake zinakwenda na kurudi kama umeme, na siku hizi zikienda zinakaa.

Basi alfajiri moja nikatangulia, nikachuchumaa nyuma ya pipa la maji. Akaja. Hakuwa na viatu. Mwanamke ambaye mchana hushika ukuta kwenda chooni, alikuja kwenye nyasi zile akitembea kama msichana, bila sauti, anajua kila tanzi lilipo ingawa sikumwonyesha hata moja. Kulikuwa na sungura ameshikwa. Hakuruka. Alimtazama tu akija.

Mama yako akapiga magoti. Akamfunika macho kwa kiganja. Kisha, Masikio, akafanya jambo ambalo babu yako hakutufundisha. Akamshika masikio. Akayapapasa yote mawili, polepole, kutoka kwenye shina hadi kwenye ncha, kama mtu anayepima kitambaa dukani. Akakaa hivyo kwa muda.

Akasema, "Siye."

Na mkono ukashuka kwenye kisogo. Kwisha. Sikusikia hata mfupa.

Nikatoka nyuma ya pipa. "Dada, unamtafuta nani huku?" Alishaanza kuchana mkanda wa shuka yangu kwa meno. Hakushtuka.

"Mwanangu," akasema. "Mtu haachi kurudi kwao bure, fundi. Kuna kitu kimemshika mahali. Napita kuangalia." Akamfunga yule sungura taya, akakaza fundo. "Na huyu pia ana mama yake."

Kila alfajiri, mpwa wangu. Kila tanzi. Kwa sababu wewe ulizaliwa na hayo masikio ambayo mimi niliyacheka hadharani, nikakupa jina ambalo halikubanduka, na sasa katika vyote alivyovisahau, hayo ndiyo yamebaki kichwani mwake. Uso wako sijui kama anao. Masikio anayo.

Ungedhani nimemaliza. Sijamaliza, na hapa usinicheke.

Alfajiri ya Alhamisi moja niliamka nikaona giza, nikajua siyo giza, ni kiganja. Kilikuwa cha baridi, kimelala juu ya macho yangu bila kubonyeza. Na hakika, mtu hutulia. Sikudhani, lakini hutulia, moyo wenyewe unajishusha. Nikahisi vidole kwenye sikio langu la kulia. Halafu la kushoto. Polepole, kutoka kwenye shina hadi kwenye ncha.

"Siye," akasema.

Mkono ukaanza kushuka kwenye kisogo.

Nimetaniana na kila mtu katika maisha yangu, lakini sijawahi kutafuta neno kwa haraka namna ile. Nikasema, "Dada, ni mdogo wako. Mimi sikunaswa. Nimelala tu." Kidole gumba chake kilikuwa kimeshapata mahali penyewe, na pana mahali penyewe, sasa napajua. Akafikiri. Nilimsikia akifikiri. Kisha akanivutia shuka hadi kidevuni, kile kipande kilichobaki, akasema, "Lala basi." Akatoka kwenda kwenye kabichi.

Siku hiyo hiyo niliyang'oa matanzi yote. Nikayatia kwenye mkebe wa rangi, nikaupigilia mfuniko misumari. Nikasema sungura wale kabichi, wale na vitunguu, hata mlango wale wakitaka.

Wiki iliyopita, asubuhi moja, nikakuta waya wa kuanikia nguo haupo. Nguo zangu zimekunjwa vizuri juu ya ndoo. Nikazunguka uani, sikuona kitu. Nikaja mbele. Na pale getini, kwenye kijia ambacho lazima akanyage kila anayetoka barabarani, kulikuwa na tanzi jipya. Tanzi kubwa. Siyo la shingo ya sungura, ni la kifundo cha mguu wa mtu mzima. Kigingi kimepigwa sawasawa, majani yametandazwa juu yake kwa ustadi ambao mimi sina.

Nikainama kuling'oa. Nikaona amefunga kile kifundo cha kuzuia. Amekifunga kwa uangalifu mkubwa, amekipima, mtu akinaswa aumie kidogo tu au asiumie kabisa.

Sikuling'oa. Mwenye kuleta barua anashangaa kwa nini siku hizi namfuata barabarani. Mama yako naye ameacha kuzunguka uani. Alfajiri anapita pale getini tu, anainama, anatazama, anarudi kumenya maharage.

Kwa hiyo njoo. Usiniandikie tena kwamba utakuja kazi ikipungua. Kazi haijawahi kupungua kwa mtu aliye hai. Usilete blanketi, usilete redio, lete masikio. Ukifika getini unaweza kutazama chini, ukaruka, ukaingia kwa heshima zako za mjini. Au usitazame. Acha ukushike. Kaa palepale hata kama suruali ni mpya, atakuja mwenyewe, na hatachelewa, huyo alifundishwa na babu yako. Atakufunika macho. Tulia. Atakushika masikio. Akisema ndiye, tutalia wote, hata mimi, na utanitania mpaka nife. Akisema siye, mpwa wangu, ongea haraka.

Nisalimie mkeo, mwambie yule jogoo aliyemfukuza bado yupo na bado ni mjinga. Nisalimie mapacha, uwaangalie masikio kwa niaba yangu. Mshona nguo anakusalimu kupitia dirisha lililofungwa. Mlinzi anakusalimu kwa mbali. Mama yako amenisikia nikisoma maneno haya kwa sauti, akauliza fundi anamwandikia nani. Nimemwambia. Amekwenda kukaa karibu na mlango.

Mola akufungulie njia, akulinde hadi hatua ya mwisho, na hiyo ya mwisho amwachie mama yako.

Ni mimi, akupendaye kuliko anavyokucheka,

Mjomba