Nyumba Nimeinunua, Mkate Hauuzwi

Shangazi Zulayho mpendwa, salamu na heshima, naomba msaada wako kabla sijapasuka, na tafadhali usicheke mpaka umalize kusoma.

Mimi ni mwanamke wa hapa hapa Khujand, arobaini nimeshaipita, sijaolewa, kazi yangu ni kupima aprikoti kavu kiwandani, na mama alipofariki nilibaki peke yangu kwenye fleti yetu, ndipo kaka yangu mkubwa Kahhor akaanza kusema niiuze nihamie kwake, kwenye chumba cha nyuma, nimsaidie mkewe kazi, nami nikasema kuuza nitauza lakini nitanunua nyumba yangu mwenyewe yenye ua na mzabibu, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Wewe? Peke yako? Wewe ukinunua tikiti maji unaita mtaa mzima uligonge!" Basi Shangazi, nikaapa kwamba nitauza na nitanunua bila mwanamume yeyote wa ukoo wetu kutia mguu.

Kuuza hakukunishinda. Dalali alitaka mimi na mnunuzi tushikane mkono na kuutikisa mpaka bei ikubalike, kama wanavyouziana kondoo sokoni, mimi nikaona haya kushikwa mkono na mwanamume, nikampa ncha moja ya mti wa kusukumia unga nami nikashika nyingine, tukatikisa pale jikoni mpaka vikombe vikalia kabatini, na bei niliyotaka nikaipata. Mnunuzi na mkewe, maharusi wapya, wakahamia upesi, na mimi nikaona dunia nzima iko mkononi mwangu.

Taabu ilianzia kwenye kununua. Nyumba ni ya Ami Sohibnazar, namwita ami kwa heshima tu, mzee aliyefiwa na mke, ambaye binti yake amemtandikia kitanda ng'ambo ya mto na anamsubiri, na nilipokwenda kuitazama mzee alinimegea mkate, akanipikia pilau, akaniketisha mahali pa heshima kabisa, mbali na mlango, nikakagua paa nikakagua bomba nikahesabu mashada ya zabibu, ila kumuuliza atahama lini nikashindwa, maana Shangazi, utaanzaje kumuuliza mtu aliyekulisha nyumbani kwake kwamba ataondoka lini? Tukatia saini mbele ya wakili, akanipa ufunguo, na pale pale akanivika joho kama anavyovikwa mgeni rasmi, nami nikalia kwa furaha, mjinga mimi.

Siku ya kuhamia nikamkuta uani anakata vitunguu. Akainuka, mkono kifuani, "Karibu, binti yangu, karibu sana! Mbona umekuja na friji?"

Ndipo akanionyesha mkate. Umetundikwa msumarini juu ya mlango wa sebule, umeumwa upande mmoja, umekauka kuliko tofali. Mdogo wake, Fayzullo, aliuuma alipokuwa anakwenda Urusi kutafuta kazi, kama wasafiri wetu wote, na aliyeuma lazima arudi aumalizie, na mpaka arudi hakuna wa kuugusa. Nikasema, "Ami, si uende nao kwa binti yako?"

"Mkate wa msafiri unahama? Fayzullo akirudi aumalizie wapi, stendi ya basi?"

"Basi uache hapa, mimi nitautunza."

"Wewe mgeni, binti yangu. Mgeni hapewi kazi."

"Ami, lakini nyumba umeniuzia."

"Nyumba nimekuuzia. Mkate sijakuuzia, si wangu. Na mimi nakaa na mkate."

Tangu siku hiyo nalala chumba cha wageni, kwenye magodoro ya wageni, friji yangu imefungwa kamba uani na kuku wanalala juu yake, nikitaka kwenda chooni naomba ruhusa, na mzee ameshanitambulisha kwa majirani, "Huyu mgeni wangu, amekuja kununua nyumba," nao wananiletea sambusa na kuniuliza, "Umeshapata nyumba?" nasema nimepata, "Iko wapi?" nasema hii hapa, "Oo, Mungu akujalie uhamie salama." Mara moja mzee alipokwenda kuswali nilinyakua birika nikamjazia bakuli lake chai mpaka juu, na hapa kwetu hata mtoto anajua bakuli likijaa maana yake ni kwaheri, akarudi akalinywa lote, akasema, "Ahsante, nilikuwa na kiu kweli."

Nikaona dawa ni kumpigia simu Fayzullo mwenyewe. Nikamwambia, kaka, rudi ule mkate wako. Akauliza, "Mkate gani?" Nikamkumbusha. Kisha akasema ana mke huko, ana watoto, ana shamba la viazi, harudi tena. "Dada yangu, nakusihi usimwambie kaka. Kaka atakufa."

Sasa Shangazi, nimwambie mzee ukweli nipate nyumba, na akifa je? Au ninyamaze, na Ijumaa Kahhor anakuja na mkewe na watoto na kondoo wa kuzindua nyumba, akinikuta nimekaa kama mgeni ataibeba friji yangu yeye mwenyewe mpaka kwenye kile chumba cha nyuma, na nikishaingia humo sitatoka mpaka nife. Naogopa, Shangazi. Silali.

Ni mimi Savrinisso, mgeni nyumbani kwangu

*

Savrinisso, mdogo wangu,

Nimecheka. Ulinikataza, lakini hao kuku juu ya friji wamenishinda. Sasa tulia nikugombeze.

Umekagua paa, umekagua bomba, mashada ya zabibu umeyahesabu, halafu swali moja lenye maana ukalimeza na pilau. Umeona haya. Uliona haya pia kumshika mnunuzi mkono, ukatafuta mti wa kusukumia unga na biashara ikaenda, kwa hiyo usiniambie akili huna. Na aibu kubwa zaidi ni hilo bakuli. Kumjazia chai mzee wa umri ule, tena kwa kuvizia akiwa kwenye sala! Utamwomba radhi, na usimwambie ni kwa ajili ya nini.

Siri yako sasa. Unadhani hajui? Mtu anayemtarajia ndugu yake hauzi mlango ambao ndugu huyo ataupitia. Ami Sohibnazar alijua siku alipomwita dalali. Asichokiweza ni kuushusha mkate ule kwa mkono wake mwenyewe na kusema kwa kinywa chake kwamba basi tena. Hata mimi nisingeweza. Kwa hiyo huna cha kumwambia, na nyumba hiyo haimsubirii mtu kufa ndipo iwe yako. Fayzullo ndiye wa kuzungumza na kaka yake. Mpigie leo, umwambie Shangazi Zulayho anasema mwanamume mwenye shamba la viazi ni mtu mzima, anaweza kushika simu.

Wengine watakwambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mzee huyo jembe analo tayari, vitunguu unavyokula kalima yeye. Shida yako ni nyingine: mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe umekalia magodoro ya heshima unangoja kuletewa. Unalalamika, lakini sambusa za majirani unakula.

Kesho amka kabla yake. Washa moto wewe. Shika birika na usiliachie hata akilivuta. Akikwambia mgeni hapewi kazi, mjibu kwa adabu, "Kweli Ami, ndiyo maana wewe kaa." Mkalishe yeye mahali pa heshima, wewe kaa karibu na mlango penye upepo wa baridi, hapo ndipo anapokaa mwenye nyumba. Mmiminie nusu bakuli, tena nusu, tena nusu, ajue hafukuzwi. Kisha mwambie neno analolingoja tangu siku ya wakili, na ambalo kwa haya zako hukumwambia: "Ami, mkate utabaki pale pale. Fayzullo akija hata saa ngapi, mlango nitamfungulia mimi." Ukilisema litimize, maana huenda kweli akaja siku moja.

Ukimaliza, fukuza kuku, kata kamba, chomeka friji. Alhamisi mwite binti yake aje kula, na umwache yeye amwombe baba yake waende, mabinti wanajua namna. Akienda siku hiyo hiyo, vizuri. Akiomba kukaa mpaka sherehe, vizuri zaidi.

Na Ijumaa Kahhor ataingia na kondoo wake, atamwona mzee ameketi mahali pa heshima, na atauliza kwa sauti yake ya kaka mkubwa, "Huyu nani?" Usianze kumweleza habari ya mikate. Simama na birika lako mkononi, umjibu, "Mgeni wangu. Vua viatu, kaka, uingie."