Moto wa Siku Kumi na Moja Ndani ya Jenerali

Nyumba Na. 14, Mtaa wa Karakana,
Stesheni ya Shivirka,
Mkoa wa Chita.
Jumapili, 19 Januari 1975.

Mpendwa shemeji Arseni,

Pokea salamu zetu kutoka huku ambako leo ndoo ya maji imeganda kati ya kisima na mlango wangu. Hujambo wewe? Dada Glafira hajambo? Ule mguu wako ulioteguka kwenye ngazi za barafu umeshapona, au bado unaudekeza ili uletewe chai kitandani? Nakufahamu, shemeji. Mwandiko wako nao bado ni ule ule, kama kuku aliyepita kwenye masizi, lakini nimeusoma wote.

Sisi kwa afya ya mwili hatujambo. Hayo mengine nitayafikia, nipe nafasi nijipange kwanza.

Katika barua yako ya Novemba uliniambia kwamba ninyi wastaafu wa kiwanda cha Kolomna mnatengeneza ubao wa picha, na ukataka kujua vichwa vyenu vya mwisho vya treni za abiria, wale Pe Thelathini na Sita, waliishije huku kwetu. Umeniomba mimi kwa sababu mdogo wako Kesha akishika kalamu hutoka mistari mitatu na mmoja wao ni tarehe. Basi nitakueleza nilichokiona kama mke wa dereva.

Aliyeletwa kwetu alikuwa namba 0217, mwaka hamsini na saba, rangi yake ya kijani ikiwa bado inanuka upya. Ubavuni alikuwa na mstari mwekundu kama wa suruali ya jenerali, na watu wa stesheni hawakuhitaji kuambiwa jina, walilitoa wenyewe. Kesha alikabidhiwa yeye pamoja na Dashi Tsyrenov, yule Mburyati mkimya uliyekula naye kondoo mwaka ule ulipotutembelea. Kichwa kimoja, madereva wawili wa kupokezana, miaka kumi na saba.

Wachochea moto walimpenda Jenerali kuliko mama zao. Kwenye vichwa vya zamani mtu alikuwa akishuka mgongo umepinda, lakini huyu alikuwa na ile parafujo ndefu inayosukuma makaa yenyewe hadi kwenye tanuri. Na zile beringi ulizozifunga kwa mikono yako, shemeji, Kesha anasema hazikumwangusha hata siku moja. Treni ya Vladivostok ilikuwa ikipita hapa na mabehewa yamejaa, theluji imefika madirishani, na mimi nikiwa jikoni nilijua kwa sauti kama ni mume wangu au ni Dashi aliyeshika usukani wa mvuke.

Kisha wakaanza kuja ndugu zake. Walikuwa wakikimbia kati ya Moscow na Leningrad, zikaja nyaya za umeme, wakasukumwa mashariki. Huko nako zikaja dizeli, wakasukumwa tena. Walifika kwetu majina ya karakana zao za zamani yamefunikwa kwa rangi, na Kesha alikuwa akiyakwaruza kwa ukucha ili asome walikotoka. Alikuwa akinisomea wakati wa kula, kama mtu anayesoma barua za jamaa. Mliwatengeneza mia mbili hamsini na mmoja, na nadhani nusu yao nimewasikia wakipiga honi mlangoni kwangu.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha hapa mezani na kalamu.

Desemba amri ilikuja: dizeli zimetosha, Majenerali wote wapelekwe kwenye reli ya akiba, nyuma ya ghala la makaa. Unajua kazi hiyo kuliko mimi. Maji yote humwagwa, yasije yakaganda na kupasua chuma, boila hukaushwa kwa moto mdogo, vyuma hupakwa grisi nzito, bomba la moshi hufunikwa kwa ubao. Kisha dereva huandika kwenye karatasi kwamba hakuna tone lililobaki, na dereva mwenzake hutia saini kwamba amekagua.

Hapo ndipo penye desturi ya watu wetu. Kesha na Dashi hawajawahi kukaguana. Mmoja akisema amekaza nati, mwingine anasaini. Kwao kwenda kuchungulia baada ya mwenzako ni kumtukana. Tarehe 27 Desemba Kesha alisema, "Tayari, Dashi, nimemwaga," na Dashi akatia saini juu ya goti lake, akaenda kula.

Hakumwaga, shemeji.

Kila mwaka siku za Mwaka Mpya baridi inapokaza, dizeli mbili tatu hugoma, na simu hupigwa: mleteni Jenerali. Kesha alijiaminisha kwamba na mwaka huu watampigia. Akaacha maji ndani, akawasha moto mdogo tanurini, na siku kumi na moja mfululizo alikuwa akienda alfajiri na saa sita mchana na ndoo ya makaa kumpasha joto. Fyokla, mlinzi wa reli ile, aliuona moshi akadhani ndio ule wa kukaushia. Mimi nilikuwa nikimwona mume wangu anatoka na ndoo, nikadhani anampelekea Fyokla makaa kwa wema. Nilimsifu hata!

Simu haikupigwa.

Tarehe saba Januari ilikuwa zamu yake kwenda Chita kupimwa macho na masikio kwa ajili ya kozi ya dizeli. Akaanza kuzungukazunguka nyumbani.

"Kapa, niache wiki moja tu."

"Wiki ya nini? Ya kulinda theluji?"

"Nitakwenda na kundi la pili."

"Kundi la pili wamejaa watoto wa juzi. Utakuwa msaidizi wa kijana aliyekuwa akikuamkia babu! Dizeli haing'ati, Kesha. Vaa buti."

Nilimfungia mayai na mkate, nikamshika mkono hadi kwenye behewa kama mtoto wa chekechea. Alinitazama dirishani kwa namna ambayo niliifikiria kuwa ni hasira. Sasa najua alikuwa anataka kusema. Mimi ndiye niliyempandisha treni ile, shemeji.

Chita walimkalisha, treni ya kurudi ikachelewa, akafika tarehe kumi. Moto ulikuwa umeshazimika siku mbili, na baridi ilikuwa digrii arobaini na sita chini ya sifuri. Fyokla alinikuta dukani kabla Kesha hajashuka kwenye treni.

"Kapa, Jenerali wenu amepasuka. Pampu ya maji imefunguka kama yai, na mabomba nayo. Mkuu wa karakana amekuja na karatasi mkononi, anauliza nani alikagua."

Na aliyekagua ni Dashi. Saini yake iko pale, inasomeka kuliko yako. Dashi anatakiwa kustaafu Agosti. Wakimwandikia uzembe juu ya mali ya umma, watamshusha daraja, na pensheni yake itahesabiwa kwa daraja la mpakia makaa, baada ya miaka thelathini na miwili. Ana watoto watano, wawili bado wako shule. Wameitisha baraza la wafanyakazi Jumatano, kwenye ukumbi wa karakana, mbele ya watu wote.

Kesha aliniambia Jumamosi ya tarehe kumi na moja, mkate ukiwa mkononi. "Kapa, nilimwachia moto." Nikamuuliza nani. Akaniambia yote, halafu akaenda kulala amegeukia ukuta. Nimepika pelmeni za nyama, hakugusa. Nimemwita kwa upole, nimemwita kwa matusi. Anasema atasema. Kila siku anasema atasema kesho, na kila siku anapita mbele ya nyumba ya Dashi akiwa ameinamisha kofia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini kilio hiki kitakuwa cha nyumba ya mtu mwingine, na hilo ndilo linalonichoma.

Nimemwambia: ukikaa kimya Jumatano, nitasimama mimi. Akanijibu, "Simama." Basi. Nimeishi na mtu huyu miaka ishirini na mbili, sijawahi kumwonea haya hadi wiki hii.

Wewe ndiye uliyemlea baada ya wazazi kufa, na anakuogopa hata leo. Hata barua hii ikikufikia baada ya Jumatano, nakuomba mpigie telegramu. Maneno mawili yanatosha, hata moja. Mwambie aseme.

*

Alhamisi, 23 Januari.

Shemeji, barua hii haikwenda. Jumatatu niliipeleka posta, nikafika mlangoni nikageuka. Niliona aibu kwamba mume wangu ana miaka hamsini na mmoja na ninamtafutia kaka yake wa kumfokea. Nimeifungua nikuongezee yaliyotokea jana.

Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye mapipa ya grisi. Mimi nilikaa nyuma karibu na jiko, na Kesha alikaa mbele yangu, shingo imekuwa nyekundu. Mkuu wa karakana alisoma karatasi, kisha akamwita Dashi.

"Tsyrenov, hii ni saini yako?"

"Yangu."

"Ulikagua pampu?"

Dashi alivua kofia. Hakumtazama Kesha hata kwa jicho la pembeni. "Kumwaga pampu ilikuwa juu yangu," alisema. "Nilisahau. Uzee."

Watu wakaguna. Mtu mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Dashi asahau pampu? Labda asahau jina la mkewe!" Wakacheka, na katikati ya kicheko hicho nikakaza goti nisimame. Kesha alikuwa ameshasimama. Hakuomba ruhusa. Alisema, "Anasema uongo. Mimi sikumwaga, na yeye nilimwambia nimemwaga." Kisha akaeleza ndoo kwa ndoo, tangu tarehe ishirini na saba, mpaka Chita.  

Wamemwondoa kwenye kozi ya dizeli na kumshusha daraja. Kuanzia Jumatatu atachochea boila la bafu la umma. Jina la Dashi limefutwa kwenye karatasi ile, na atastaafu Agosti kama ilivyokuwa. Mimi nilishusha pumzi. Nilidhani yameisha, watu hawa wawili watashikana mikono, watakunywa kidogo na kulia kidogo, kama wanaume wanavyofanya.

Nje ya mlango Kesha alimfuata. "Dashi, nisamehe kwa ile saini."

Dashi aligeuka. Sijawahi kumsikia mtu yule akipandisha sauti, shemeji, hata siku walipogonga ng'ombe wake mwenyewe.

"Unadhani nimekasirikia saini? Saini nitakupa hata leo! Siku tatu ulikuwa Chita. Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa hapa, nimekaa, nakunywa chai ya maziwa. Nyumba yangu iko hatua mia mbili kutoka kwenye ile reli. Miaka kumi na saba, Innokenti! Kwa nini hukuniambia? Ningemwekea makaa."

Hajawahi kumwita Kesha kwa jina lake hilo zima. Dashi alivaa glavu zake, akaondoka kwa kufuata reli. Kwa nini alikuwa tayari kuubeba mzigo ule ukumbini sijui, na sidhani kama tutathubutu kumuuliza.

Nyumbani Kesha alikaa kwenye benchi na koti lake, theluji ikimyeyukia miguuni. Aliniambia hakumwambia Dashi kwa sababu aliogopa kuchekwa, na aliogopa pia kumtia mtu wa pensheni katika makosa. Nikamwambia hiyo ya pili ni nzuri, lakini ya kwanza ndiyo ya kweli. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akalia, na mimi sikumnyamazisha.

Kwa hiyo usipige telegramu. Neno ulilokuwa umwambie ameshalisema mwenyewe, ingawa limechelewa. Jana alinituma nikuulize kama mifano ya kumiminia chuma cha ile pampu bado ipo kiwandani. Nadhani najua jibu, maana imepita miaka kumi na minane. Jibu hilo niandikie mimi, nitachagua siku ya kumpa.

Nimemwandalia nguo za kazi ya bafuni na sijamwambia neno lolote baya. Lakini tangu jana kuna jambo linanizunguka, nami sina wa kumwambia ila wewe. Dashi analalamika kwamba alikuwa hatua mia mbili. Mimi nililala ubavuni mwa mtu huyu siku zote kumi na moja, na aliamka kila alfajiri, akachukua ndoo, akanipita. Angeniambia, ningemtukana kwanza, hilo siwezi kulikana. Halafu ningevaa buti, ningekwenda.

Nisalimie dada Glafira, mwambie sufu aliyonitumia imetosha soksi jozi tatu. Nisalimie Lyonya na mkewe, na wale mapacha uwavute masikio kwa niaba yangu. Fyokla anakusalimu bila kukujua. Mungu awalinde na barafu za ngazini, na asiwaache mkae na jambo moyoni ilhali kuna mtu chumba cha pili.

Mimi shemeji yako akupendaye, hata akikuchokoza,

Kapitolina.